Miaka miwili ya kutibiwa huzuni, na swali moja kuhusu maziwa

Mwaka 2011, nikiwa na umri wa miaka 29 na nikifundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi mkoani Tanga, nilijifungua mtoto wangu wa pili. Mtoto alitoka salama, lakini kondo la nyuma lilikwama, na kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuukadiria, kwa kuwa nilikuwa nikizimia na kuzinduka, damu ilinitoka hata godoro likalowa na kuanza kudondosha sakafuni. Niliongezewa damu chupa tatu. Asubuhi yake mkunga alinishika mkono akaniambia kwamba Mungu ni mkubwa, nami nikaamini kuwa kisa kile kilikuwa kimekwisha palepale wodini.

Maziwa hayakutoka. Mama mkwe alinipikia uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, nikakandwa kwa maji ya moto kama desturi yetu inavyotaka, nikanyweshwa supu hadi nikaichukia harufu yake, lakini matiti yalibaki laini kama ya mwanamke ambaye hajapata kuzaa. Binti yangu alikuzwa kwa maziwa ya kopo, na pesa za kopo zilipokwisha akahamia maziwa ya ng'ombe. Kila mwezi nilipompeleka kupimwa uzito, muuguzi aliandika katika kadi kwamba mtoto anatumia chupa, akanihimiza nijitahidi kumnyonyesha, kisha akaita mama aliyefuata. Arobaini ilipita, mwaka ukapita, hedhi nayo haikurudi. Kwa kuwa sikutaka mtoto mwingine upesi, nakiri kwamba jambo hilo nililiona kama nafuu.

Yaliyofuata yalikuja polepole mno hata hakuna siku ninayoweza kuitaja kuwa ndiyo niliyoanza kuugua. Nilihisi baridi katika mji ambao watu hulala madirisha wazi. Nilivaa sweta darasani, wanafunzi wakanicheka. Nywele za kwapani ziliisha zenyewe, ngozi ya uso ikapauka na kuwa na mikunjo midogo, sauti ikawa nzito, choo kikawa kigumu, na hamu ya chakula pamoja na hamu ya mume vikaondoka kwa pamoja bila kuaga. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni saa nane na kulala hadi magharibi, huku mtoto akilia chumba cha pili kwa bibi yake. Wifi yangu alisema mimi ni mvivu aliyejificha nyuma ya uzazi. Wengine walisema nina jini, na kwa majuma kadhaa nilifukizwa ubani kwa mganga ambaye simlaumu, kwa maana yeye angalau aliniuliza mambo mengi kuliko baadhi ya watu wenye makoti meupe niliokutana nao baadaye.

Mwaka 2014 nilikwenda kwa daktari nikiwa na malalamiko matatu tu niliyoyaona kuwa ya maana: sina nguvu, silali vizuri, na ninalia. Nilimwambia pia kwamba hedhi imekoma, naye akasema mawazo mengi huweza kuizuia, jambo ambalo ni kweli. Alinipima wingi wa damu, sukari, malaria na homoni ya TSH, ile inayotumika kuchunguza tezi ya shingo, na majibu ya TSH yakawa ya kawaida kabisa. Basi akahitimisha kwamba nina sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni unaokaa, akaniandikia amitriptilini miligramu 25 kila usiku, ambazo baada ya miezi miwili zilipandishwa hadi 50 na baadaye 75.

Hapa inanipasa kusema kwa uangalifu, kwa sababu nimewasikia wagonjwa wenzangu wakizisimulia dawa hizi kwa hasira kana kwamba ni sumu waliyolishwa. Amitriptilini ilinipa usingizi. Lakini ilikausha kinywa changu hata nikashindwa kusoma kwa sauti mbele ya darasa bila kunywa maji, ikazidisha ule ugumu wa choo, na zaidi ya yote ikaniletea kizunguzungu kila nilipoinuka. Dawa hiyo ina tabia ya kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, na mimi shinikizo langu lilikuwa chini tangu awali kwa sababu ambayo hakuna aliyeifahamu. Nilianguka bafuni mara mbili. Mara ya pili nilipasua nyusi, na kovu lake bado ninalo.

Daktari alibadilisha dawa, akanipa fluoksetini miligramu 20 kila asubuhi, akinionya kwamba nisitarajie kitu kabla ya majuma manne hivi. Juma la tano kilio kilipungua. Jambo hili lilinichanganya sana baadaye nilipojua ukweli, kwa kuwa dawa ilifanya kazi yake: ile hali ya kuamka usiku nikijihesabia makosa ilififia, nikaweza kukaa na watu. Mwili, hata hivyo, haukusogea hata hatua moja. Niliendelea kuhisi baridi, kuchoka, kukosa hedhi na kusukumia chakula kando. Kila nilipolieleza hilo nilijibiwa kwamba uchovu ni sehemu ya sonona na kwamba niwe na subira. Neno sonona lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari langu la matibabu, na tangu siku lilipoandikwa sikumbuki mtu yeyote aliyefungua ukurasa wa pili.

Mwaka 2016, wakati wa masika, niliharisha na kutapika siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nimechanganyikiwa. Wananiambia nilimwita binti yangu kwa jina la marehemu dada yangu na nikagoma kuingia ndani ya nyumba nikidai si yangu. Wale wa jini wakaona wamethibitishiwa. Mume wangu, mtu asiye na maneno mengi, alinibeba hadi kwenye bajaji na kunipeleka hospitali. Sodiamu yangu katika damu ilikuwa 116, ilhali ya mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 135 na 145. Daktari wa zamu alipoona katika daftari kwamba ninatumia fluoksetini aliisimamisha mara moja, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo: dawa za kundi hilo huweza kuufanya mwili uzuie maji kupita kiasi hadi chumvi ya damu ipungue kwa kuzidiwa na maji. Mambo yangeishia hapo, nikaandikiwa kwamba nimedhuriwa na dawa, lau si daktari mmoja kijana aliyekuwa katika mwaka wake wa mafunzo ya kazi.

Kijana huyo alimwamkia mama mkwe wangu, akavuta kiti, akamtazama binti yangu aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, kisha akauliza, "Bibi, mtoto huyu mama yake alimnyonyesha?"

Mama mkwe akajibu, "Hajapata kutoa hata tone, mwanangu. Tulihangaika naye sana."

"Na siku ya kujifungua, damu ilikuwaje?"

Basi mama mkwe akamsimulia habari za godoro, kama nilivyozisimulia hapo juu, ila yeye alizijua vizuri zaidi kwa kuwa alikuwa macho. Kijana hakusubiri majibu yarudi. Alichukua damu ya kupima kotisoli, homoni inayousaidia mwili kustahimili dhiki, kisha akanidunga haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya homoni hiyo, miligramu 100 katika mshipa pamoja na dripu ya maji ya chumvi, huku wakinipima sodiamu kila baada ya saa chache ili isipande kwa pupa, maana kupanda haraka kunaweza kuuumiza ubongo. Kesho yake nilikuwa nikiuliza nani amemlisha mtoto. Majibu ya kotisoli yaliporudi yalisomeka nanomoli 48 kwa lita, katika saa ambayo mwili uliobanwa na dhiki kama ile ulitakiwa kuwa na mamia.

Nilipelekwa Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa homoni, na huko nikaelezwa jambo ambalo nimelirudia kwa watu mara nyingi hata nalijua kama somo la darasani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere iitwayo pituitari, nayo ndiyo inayoziamuru tezi nyingine: tezi ya shingo, tezi zilizo juu ya figo, na ovari. Wakati wa ujauzito tezi hiyo huvimba ili ijiandae kutengeneza prolaktini, homoni ya maziwa, lakini mishipa inayoilisha damu haiongezeki kwa kiasi hicho. Mama akivuja damu nyingi na shinikizo likaporomoka, tezi iliyovimba hukosa damu na sehemu yake hufa. Mpatholojia wa Uingereza, Harold Sheehan, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1937, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Katika picha yangu ya MRI, daktari alinionyesha kishimo cha mfupa chenye umbo la tandiko la farasi ambamo tezi hukaa. Changu kilikuwa karibu kitupu.

Nilimuuliza kuhusu ile TSH ya mwaka 2014 iliyokuwa ya kawaida. Alitabasamu kwa uchungu kidogo. TSH hutengenezwa na pituitari yenyewe, kwa hiyo mgonjwa ambaye pituitari yake imekufa hawezi kutathminiwa kwa kipimo hicho peke yake, kwani kinaweza kusoma vizuri huku tezi ya shingo ikiwa imelala. Inabidi kupima thairoksini huru, yaani homoni inayotolewa na tezi ya shingo yenyewe, ambayo kwangu ilikuwa chini sana. Mimi ni mwalimu. Nililielewa hilo kwa namna yangu: ni kama kumuuliza mwalimu mkuu mtoro kama walimu wake wanafika kazini.

Matibabu yalikuwa na utaratibu usioruhusu kupangua. Kwanza nilipewa prednisoloni miligramu 5 kila asubuhi, badala ya kotisoli niliyokosa, na siku kadhaa baadaye ndipo nikaanza levothairoksini, badala ya thairoksini, mikrogramu 50. Nilisisitiziwa kwamba mtu akianza ya tezi ya shingo kabla ya ile ya kwanza, mwili hupata kasi na kumaliza kotisoli kidogo iliyobaki, na anaweza kuanguka kama nilivyoanguka, au vibaya zaidi. Baadaye nikaongezewa vidonge vyenye estrojeni, homoni ya ovari, ambavyo ni vilevile vya uzazi wa mpango, kwa ajili ya kulinda mifupa. Jirani mmoja alivikuta mezani akaeneza kwamba namkatalia mume wangu mtoto. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kila mpita njia habari za ovari zangu.

Siku ya tatu ya prednisoloni nilikula wali na samaki nikaongeza. Sijui kama yupo asiyewahi kupoteza hamu ya kula kwa miaka atakayeelewa kwa nini nililia juu ya sahani. Katika majuma yaliyofuata sweta lilirudi sandukuni, sauti ikalegea, nikaanza tena kutembea hadi shuleni. Na kwa kuwa nilikuwa napona bila fluoksetini, nilijijengea imani moja kali: kwamba sikuwahi kuwa na sonona, kwamba waliniita mgonjwa wa akili kumbe ni mgonjwa wa tezi, na kwamba dawa zile sitazigusa tena maishani.

Imani hiyo ilinigharimu karibu mwaka mzima. Kufikia katikati ya 2017 vipimo vyote vilikuwa vizuri, shinikizo vizuri, sodiamu 139, thairoksini mahali pake, nami nilikuwa nikiamka saa kumi za usiku nikiwa na jiwe kifuani. Binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa akimwita bibi yake "mama" na mimi akiniita "mwalimu", kama wanafunzi wangu. Nilikuwa nimepewa mwili mpya wa kuyatazama nao yale niliyokuwa nimelala nikiyapita. Nilijificha, kwani niliona nikikiri huzuni nitakuwa nimewapa ushindi wale walioandika kwa kalamu nyekundu. Nilipokonda tena, nikadhani dozi ya prednisoloni haitoshi, nikaiongeza mwenyewe kwa majuma matatu bila kumwambia mtu. Nilivimba uso, nikakosa usingizi kabisa, nikawa na hasira za ajabu. Prednisoloni ikizidi nayo huvuruga hisia. Hilo nilijifundisha kwa upumbavu wangu mwenyewe.

Daktari wa homoni alinisikiliza, akarudisha dozi ya prednisoloni kwa hatua, kisha akaniambia kitu ambacho sikukitaka. Alisema sonona ile ya kwanza huenda ilikuwa ya kweli pia. Upungufu wa kotisoli na wa thairoksini huweza kuleta huzuni, na huzuni ikishaingia hailazimiki kutoka siku homoni zinaporudi. Tena mtu aliyekosa miaka mitano ya mtoto wake ana haki ya kuhuzunika hata kama tezi zake zote zingekuwa nzima. Hakuona kosa katika mimi kupewa fluoksetini. Kosa aliloliona ni kwamba ilitolewa kwa mtu ambaye hajaulizwa kuhusu uzazi wake, na kwamba mwili ulipokataa kupona hakuna aliyejiuliza kwa nini. Fluoksetini na ukosefu wa kotisoli, kila kimoja kwa njia yake, hushusha sodiamu. Mimi nilikuwa navyo vyote viwili, kisha nikaharisha.

Kwa hiyo nikairudia, safari hii kotisoli ikiwa imekwisha fidiwa. Tulianza kwa kiasi kilekile cha miligramu 20. Sodiamu ilipimwa kabla ya kuanza, baada ya juma moja na baada ya mwezi, na ikabaki mahali pake. Niliagizwa niwataarifu watoa dawa wote kwamba ninaitumia. Agizo hilo lilinifaa nilipong'oa jino na nikawa karibu kupewa tramadoli, dawa ya maumivu, ambayo haipatani vyema na fluoksetini, nikapewa dawa nyingine. Kila Alhamisi nilikutana na mshauri nasaha, mama wa makamo asiyekuwa na haraka, na kazi kubwa tuliyoifanya ilikuwa moja: namna ya kuwa mama kwa mtoto ambaye tayari ana mama mwingine, bila kumnyang'anya bibi heshima yake. Nilianza kwa kumsuka nywele kila Ijumaa.

Kuna mambo ya kila siku ambayo hakuna aliyenieleza vyema na ilinibidi kuyakusanya. Levothairoksini huinywa alfajiri kwa maji matupu, na chai ya maziwa husubiri angalau nusu saa. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo nilikuwa nikivinywa pamoja nayo kwa kudhani ninaokoa muda, vinaizuia isiingie mwilini, hivyo nimevisogeza hadi jioni. Homa ikinipata huwa naongeza prednisoloni mara mbili kama nilivyoelekezwa, na nikitapika sikai nyumbani bali nakwenda kudungwa sindano. Ndani ya pochi yangu, katika mfuko wa plastiki, kuna karatasi yenye muhuri inayosema kwamba mwenye karatasi hii hatengenezi kotisoli na kwamba akikutwa amezimia apewe haidrokotisoni miligramu 100 kwanza. Kuhusu kufunga Ramadhani, daktari alinishauri nisifunge na imamu wa msikiti wetu akaniambia dini imempa mgonjwa ruhusa, basi natoa fidia. Mwaka wa kwanza niliona haya kula mchana hata mbele ya paka.

Fluoksetini niliitumia hadi mwanzoni mwa 2019, nikaiacha kwa kupunguza polepole, chini ya usimamizi. Niliianza tena mwaka 2021 baada ya kufiwa na mama mkwe, nikaitumia miezi tisa. Sioni tena aibu kuisema, ingawa bado naona kazi kuwaeleza wale walionipongeza kwamba "kumbe ulikuwa tezi tu".

Ninalojifunza mpaka sasa ni kutambua ni kipi kimekuja kubisha hodi. Tangu 2017 naandika katika daftari lenye safu mbili. Nikiamka na kichefuchefu, miguu mizito, kizunguzungu cha kusimama na baridi isiyo na sababu, naandika upande wa kushoto na kupima shinikizo kwa kile kipimo changu cha mkononi. Mwili ukiwa mwepesi lakini nikaamka saa kumi nikijihukumu, naandika kulia. Siku nyingi kurasa hubaki tupu. Juma lililopita niliandika pande zote mbili, shinikizo lilikuwa 92 kwa 58, nikamwomba mwalimu mwenzangu anishikie kipindi cha tatu nikaenda kupimwa damu. Binti yangu, ambaye sasa ni mrefu kunizidi, alinibebea pochi na kuhakikisha ile karatasi imo.